Kinyago cha Mpingo: Nani Anakula Jasho la Mchongaji?



Karibu kila kambi na kila kiwanda kina mtu ambaye saa za kazi zikiisha hukaa nyuma ya nyumba na kisu chake. Huchonga mwiko, kifimbo, bangili ya pembe ya ng'ombe au sanamu ya mnyama. Majirani humcheka kwamba anapoteza wakati. Siku tajiri anapotangaza kupunguza watu, huyo ndiye husema wa kwanza: "Mimi sina wasiwasi, nitakula kwa mikono yangu."

Somo la leo ni kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sisi tulio naye katika tawi moja. Swali letu ni hili: mtu akitoka katika kazi ya mshahara akaingia katika kazi ya kuchonga, je, ametoka kweli chini ya tajiri, au amebadili tajiri tu?

Jawabu tutalitafuta kwa wenzetu Wamakonde wa Msumbiji na Tanzania. Hatukuwachagua kwa sababu vinyago vyao vinajulikana duniani kote. Tumewachagua kwa sababu wengi wa mafundi walioipa sanaa hiyo jina walikuwa watu kama sisi: vibarua wa mashamba ya mkonge.

Kutoka Mueda hadi kambi za mkonge

Wamakonde wanakaa pande zote mbili za mto Ruvuma. Upande wa kusini ni nchi ya juu ya Mueda, katika jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji. Upande wa kaskazini ni nchi ya juu ya Newala, katika mkoa wa Mtwara wa Tanzania. Tangu zamani walikuwa wachongaji. Walichonga vinyago vya kuvaa usoni, viitwavyo mapiko, kwa ajili ya ngoma za jando, na kwa kazi hiyo walichagua mti laini na mwepesi, maana mchezaji huvaa kinyago huku anaruka. Walichonga vizibo vya vibuyu, mikebe ya ugoro na sanamu. Wanawake walivaa ndonya, yaani kipande cha mti cha mviringo kilichopenyezwa katika mdomo wa juu. Vitu hivyo vyote vilikuwa na thamani kubwa, lakini havikuwa na bei. Aliyetaka kinyago cha ngoma hakumwuliza fundi, "Jumla shilingi ngapi?"

Halafu likaja jambo ambalo kila mfanyakazi wa shamba ataling'amua upesi. Serikali ya Wareno iliwatoza watu kodi, ikawalazimisha kulima pamba na kuwachukua kwa kazi za shuruti. Watu wakavuka Ruvuma kwa maelfu. Upande wa pili mashamba ya mkonge yalikuwa yanatafuta watu. Mkonge wenyewe uliletwa Afrika Mashariki na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Inasemekana kwamba katika miche elfu moja iliyotoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyofika hai. Kutoka katika miche hiyo michache yakaenea mashamba ya Tanga, Morogoro na Lindi, na wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa inaongoza ulimwengu kwa mkonge.

Manamba, kama vibarua wa mbali walivyoitwa kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake, walifanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza mafungu yako ya siku, karani anatia alama. Usipomaliza, jua lako limekwenda bure. Mshahara ulitoka alama thelathini zikitimia, hata kama zimechukua wiki sita. Wamakonde wa Msumbiji, ambao wenyeji waliwaita Wamawia, walisifiwa na wanyapara kwa uhodari wa kukata. Sifa ya mnyapara tunaijua: haiongezi unga sufuriani.

Jioni na Jumapili watu hawa walichonga. Walikuwa na mikono iliyozoea mti, na katika misitu ya pwani walikuta mpingo. Tangu miaka ya 1950 wanunuzi waliongezeka Dar es Salaam. Mfanyabiashara anayetajwa sana katika historia hiyo ni Mohamed Peera, aliyenunua kazi za wachongaji, akawahimiza wachonge vizuri zaidi na kuwafungulia njia ya soko la nje. Fundi Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha, mwishoni mwa miaka hiyo, mtindo wa shetani: viumbe vyenye jicho moja, mkono unaotoka tumboni, mdomo uliogeuka kuwa mguu. Fundi mwingine, Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, anakumbukwa kwa mtindo wa watu wengi waliopandana katika gogo moja. Yeye aliuita dimoongo, neno la Kimakonde la nguvu ya pamoja, na inasimuliwa kwamba cha kwanza kilionyesha mshindi wa mieleka akiwa amebebwa na wenzake. Baadaye, siasa ya Tanzania ilipobadilika, watu wakauita mtindo huo ujamaa.

Hapa tusimame kidogo. Watu husema vinyago hivi ni mila ya kale ya porini. Si kweli, na si kuwavunjia heshima wachongaji kusema hivyo. Mapiko ni ya kale. Kinyago cheusi cha mpingo kinachouzwa hotelini kilikua pamoja na kipande, kambi na duka. Kilizaliwa na mikono ya watu waliokuwa wanatafuta shilingi ya pili kwa sababu ya kwanza haikutosha. Kwa hiyo kukitazama kama kazi, chenye saa zake na malipo yake, ndiko kukipa haki yake.

Ng'ambo ya mto mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vya ukombozi vikaanza Septemba 1964. Katika sehemu zilizokombolewa za Cabo Delgado wachongaji walipangwa katika vikundi vya ushirika, na kazi zao zikauzwa nje kupitia chama. Fundi ni yule yule, mti ni ule ule. Kilichobadilika ni nani anayeshika kinyago baada ya kutoka mkononi mwa fundi.

Kazi yenyewe

Asiyewahi kushika mpingo anadhani kuchonga ni kucheza. Mpingo ni mzito kuliko maji. Ukitupa kipande cha kiini chake mtoni kinazama. Nje kuna nyama nyembamba yenye rangi ya manjano au nyeupe, na ndani ndiyo kiini cheusi kinachotafutwa. Mti wenyewe si mrefu, umepinda, na mara nyingi una nyufa au tundu la kuoza katikati. Fundi hununua gogo bila kujua ndani kuna nini. Ndiyo maana mafundi wazuri hawaanzi na picha kichwani. Huligeuza gogo, hutazama wapi limepinda na ufa umekwenda wapi, kisha huamua. Mkono wa shetani uliojikunja kinyume mara nyingi umefuata ufa uliokuwamo.

Kwanza shoka na msumeno hukata kipimo. Halafu tezo hutoa nyama nyeupe na kuonyesha umbo. Zinafuata patasi, za upana mbalimbali, zikigongwa kwa nyundo ya mti. Kisha tupa, kisha msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, na mwisho nta au kiwi ya viatu na kitambaa. Kazi ya patasi ndiyo inayosifiwa, lakini ulizeni mafundi: kusugua ndiko kunakomaliza siku, na mara nyingi kumeachiwa vijana na wanawake wa nyumbani ambao hawatajwi katika malipo.

Gogo bichi likichongwa haraka na kuwekwa juani hupasuka. Hukaushwa polepole kivulini, ncha zake zikipakwa nta ili maji yasikimbie upande mmoja. Hata hivyo kinyago kilichokauka Dar es Salaam kinaweza kupasuka kikifika Ulaya, katika nyumba zinazopashwa moto wakati wa baridi. Mnunuzi wa nje anayelalamika anamlalamikia muuza duka, muuza duka anamlalamikia mlanguzi, na hasara inateremka ngazi hadi kwa fundi. Faida haiijui ngazi hiyo.

Hesabu

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Kila kikundi kiweke bei za kwao.

Tuseme fundi anamwuzia mlanguzi kinyago kwa shilingi 40,000. Gogo lilimgharimu 8,000. Kulileta kutoka porini 3,000. Msasa na kiwi 2,000. Patasi zinalika, tupa inakwisha meno: tuweke 2,000. Jumla ya gharama ni 15,000, na kinachobaki ni 25,000. Fundi akitoka sokoni husema amepata elfu arobaini. Hapana, ndugu. Umepata elfu ishirini na tano, na umetumia siku tano: tatu za kuchonga, moja ya kusugua, moja ya kumngojea mnunuzi. Ni shilingi 5,000 kwa siku.

Bado. Kati ya vinyago vitano, kimoja kimepasuka mwishoni. Vinne vimeleta 100,000. Cha tano hakikuleta kitu, na gharama zake 15,000 zimekwenda. Zimebaki 85,000 kwa siku ishirini na tano, yaani 3,400 kwa siku. Hapo hatujamhesabu kijana aliyesugua. Hatujaweka siku ya ugonjwa, wala likizo, wala akiba ya uzeeni, vitu ambavyo chama chetu kilivigombania kiwandani kwa miaka mingi na ambavyo aliyeacha kazi anavisahau mpaka siku anapovihitaji.

Sasa kinyago hicho hicho kimewekwa dukani mjini kwa 120,000. Mwenye duka ana kodi ya pango, leseni, umeme na hasara zake, na hatusemi uongo kwamba yote ni faida. Lakini kuna tofauti moja kubwa kati yake na fundi. Mwenye duka anaweza kungoja mwezi mzima. Fundi hawezi kungoja hadi kesho kutwa, kwa sababu hana unga. Bei inaamuliwa hapo, katika uwezo wa kungoja, wala si katika ustadi wa patasi.

Ubaya zaidi unakuja pale mlanguzi anapoleta gogo lenyewe kwa mkopo. Leo hana shida, anasema, "Chonga tu ndugu yangu, tutahesabiana." Fundi anapokea gogo na shilingi kidogo za chakula. Tangu saa hiyo hawezi kumwuzia mtu mwingine, na bei itatajwa na yule aliyemkopesha. Kinyago kikipasuka, deni linabaki. Wazee waliofanya kazi mashambani wataitambua hali hii mara moja: ni kipande kile kile, ila kadi haionekani na mnyapara anakuja na tabasamu. Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hiki kinatisha, kwa sababu deni limo ndani yake.

Wachongaji waliojipanga

Kenya ina mfano unaofaa kujifunza. Wakamba walianza kuchonga kwa biashara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kwa wachongaji wa Tanganyika alipokuwa huko wakati wa vita, akarudi na kuwafundisha watu wake. Kazi hiyo ikaenea Nairobi na Mombasa. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa waliandikisha chama chao cha ushirika, ambacho karakana zake ziko Changamwe, na kikakua hadi kuwa na wanachama zaidi ya elfu mbili.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Wachongaji wanakaa katika mabanda pamoja. Kila mwanachama ana namba yake, na kazi yake ikiingia katika duka la chama hubandikwa namba hiyo pamoja na bei. Ikiuzwa, chama kinakata sehemu yake ya kuendesha shughuli na mwenye namba analipwa. Oda kubwa ya kutoka nje, ambayo fundi mmoja asingeiweza kwa mwaka mzima, hugawanywa. Manamba walipewa namba ili wahesabiwe. Hapa namba inamhesabia mwenyewe.

Tusijidanganye kwamba ushirika ni dawa ya kila kitu. Oda zinaweza kwenda kwa jamaa za wanakamati. Hesabu zinaweza kusomwa kwa haraka katika mkutano wa mwaka wakati watu wana njaa na wanataka kwenda nyumbani. Tena chama kisicho na fedha za kumlipa fundi kidogo siku anapoleta kazi kitamkuta fundi huyo jioni yuko kwa mlanguzi, na hawezi kulaumiwa. Kwa maoni ya mwandishi wa somo hili, mfuko wa kulipa sehemu ya bei papo hapo na ghala la magogo ni muhimu kuliko duka zuri lenye vioo.

Mti unakwisha

Ghala la magogo linatuleta kwenye jambo ambalo vyama vingi havikulitazama mapema. Mpingo hukua polepole sana; hutajwa miaka 70 hadi 100 mpaka ufae kukatwa. Fundi hupeleka mti wa umri wa babu yake katika siku tano. Tena hauko peke yake katika kuutafuta. Viwanda vya Ulaya vinautumia kwa zumari za aina ya klarineti na obo, na vinataka vipande vilivyonyooka visivyo na doa. Katika upasuaji wa mbao za ala hizo sehemu kubwa ya gogo hutupwa.

Hapo kuna riziki iliyolala. Makombo ya mpingo yasiyofaa kwa zumari yanafaa kabisa kwa bangili, vipuli, vifungo, shanga na vidani. Pambo dogo linatumia mti kidogo na jasho jingi, na mti ndio uliopungua, jasho tunalo. Vivyo hivyo kwa pembe: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hakuna mfanyakazi anayepaswa kuigusa. Lakini pembe za ng'ombe zinatupwa machinjioni kila siku. Zikichemshwa hulainika, hubanwa zikawa bapa, hukatwa na kusuguliwa mpaka zing'ae.

Nchini Tanzania, katika wilaya ya Kilwa, vijiji vimechukua njia nyingine. Chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2002 kijiji kinaweza kuwa na msitu wake na kuutunza. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwamba mpingo wake unavunwa kwa utaratibu. Zamani mkata magogo alikuja na lori, akamwachia mwanakijiji sigara. Sasa malipo ya mti yanaingia mfuko wa kijiji na yanajadiliwa mkutanoni. Huko Kenya wachongaji wengi wamehamia mwarobaini, ambao hukua upesi na umejaa pwani. Si mweusi, na ukiwa mbichi hushika ukungu na kupasuka, kwa hiyo unahitaji kukaushwa vizuri zaidi. Wengine huchukua mti mweupe wakaupaka kiwi nyeusi na kuuza kwa jina la mpingo. Mnunuzi akiukwaruza kwa ukucha amekwisha kujua, na siku hiyo mafundi wote wa soko lile wanaitwa wezi.

Anayetaka kuuza nje ajue pia sheria. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya mpingo imo katika orodha ya mkataba wa CITES inayotaka kibali cha kusafirisha. Tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zimesamehewa kibali hicho ikiwa mti huo katika mzigo mmoja hauzidi kilo 10, na vyombo vya muziki vilivyokamilika vimesamehewa pia. Kibali cha kukata mti nchini ni jambo jingine, na chama ndicho kinachofaa kukifuatilia, maana fundi mmoja akienda ofisini atarudishwa kesho na kesho.

Neno juu ya kifua. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na macho na kuziba pumzi za watu wengine. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kiwandani tungedai barakoa na kipenyo cha hewa. Kwa mchongaji wa uani hakuna wa kumdai. Basi asugulie nje penye upepo, alowanishe msasa wa maji pale inapowezekana, afunge pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, na watoto wasilale katika chumba cha kusugulia.

Maswali ya kikundi

Someni kwa sauti, halafu mjadili. Katika tawi lenu nani wanafanya kazi ya mikono nje ya saa za kazi, na mali yao inauzwa na nani? Chagueni kitu kimoja, kikapu, kinyago, bangili au mkeka, mkipige hesabu kama tulivyofanya hapa, mkiweka siku zote na watu wote waliokigusa, pamoja na vile vilivyoharibika. Linganisheni malipo ya siku moja na mshahara wa kima cha chini wa kwenu. Mti au pembe inatoka wapi, na aliyeitoa amelipwa nini? Je, wenzetu waliopunguzwa kazini bado wanaweza kuja katika mkutano wa tawi, au tumewafuta katika daftari siku ile ile tajiri alipowafuta? Katibu wa kikundi aandike hesabu hiyo katika karatasi moja na kuileta katika mkutano ujao, pamoja na kitu chenyewe, kiwekwe mezani watu wakione.